Kitambaa cha Kipima Jua

Nyumbani kwangu Rujewa hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, meza ina kitambaa, kila kiti kina vitatu, kimoja cha mgongo na viwili vya mikono, na mtungi wa maji una chake chenye shanga pembeni ili upepo usikipeperushe. Vyote nimefuma mwenyewe kwa kroshia. Uzi nanunua kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini Iringa, kwa sababu wa hapa kwetu unachuja. Shule niliishia darasa la pili, lakini mikono yangu ilifika mbali. Katikati ya kila kitambaa naweka ua la petali nane ambalo hakuna mwanamke mwingine Usangu nzima anayeliweza. Wamejaribu. Linawatoka limekunjamana kama sikio la mbuzi.

Nimeanza na vitambaa kwa sababu ndivyo vilivyoniponza. Sasa nije kwa mjukuu.

Huyu mjukuu nimemlea tangu alipoachishwa ziwa. Uji wake nilikoroga mimi, nywele zake nilisuka mimi, na aliposema anataka kusomea umeme, mimi ndiye niliyeuza ng'ombe. Akaenda chuo cha ufundi Iringa, akarudi na cheti na mkanda wa kuning'iniza koleo kiunoni. Nilimtembeza sokoni akiwa ameuvaa. Lakini Rujewa fundi wa kike alikuwa kama kituko. Akienda kwenye mashine za kukoboa mpunga, wenye mashine wanamwambia, binti, hebu nenda kamwite fundi. Akaanza kusema habari za kwenda Dar es Salaam. Nikawa sili vizuri.

Basi tuliposikia wawekezaji wa umeme wa jua wanatafuta ardhi, na kwamba kituo kikijengwa kitachukua mafundi wa mahali penyewe, mimi nilitaka jambo moja tu. Kijengwe Rujewa, mjukuu aende kazini asubuhi, jioni aje kula kwangu. Wengine walitaka barabara, wengine walitaka taa. Mimi nilitaka yule mtoto.

Siku ya kuwapokea wageni tulifagia hadi njia za ng'ombe. Watu wamekuja kutafuta jua, sisi tukawafungia maturubai matatu na kuwaketisha kwenye kivuli kizito kuliko vyote. Mzee wa kanisa akapewa sala ya kufungua. Akasali kama anavyosali kila mkutano, akaomba mvua, akaomba mawingu yajae juu ya Usangu, na sisi tukaitikia amina kwa sauti kubwa. Mgeni mmoja aliyekuwa anatafsiriwa maneno aliangalia juu, kisha akaangalia viatu vyake.

Hata hivyo walipenda. Wakasema watapima jua mwaka mzima kabla ya kuamua, na wanatafuta kiwanja cheupe kisicho na miti, kwa mtu msafi asiyesafirisafiri. Mwenyekiti wa kijiji hakuuliza mara mbili. Akaninyooshea kidole mimi. Nakiri nilisimama polepole ili wote waone.

Aliyekuja kusimika chombo alikuwa bwana mmoja wa makamo, mwenye kipara, mpole, anayetokea Mbeya mjini. Sisi tulimwita bwana wa vipimo. Chombo kilikuwa nguzo ya chuma inayonifika kifuani, na juu yake kibakuli cha kioo kimefudikizwa. Pembeni kuna kisanduku kinachotuma hesabu kwa mtandao wa simu. Alinieleza taratibu kwamba kioo kile kinakunywa jua, na adui yake ni vumbi. Nikifute kila asubuhi kwa kitambaa laini. "Mama, vumbi lisikae hapa hata kidogo," akasema. Nikamwambia, baba, kwa hilo umefika.

Hapo ningenyamaza. Lakini aliposema chombo cha pili kitakwenda upande wa Iringa, huko Ruaha Mbuyuni, na kwamba bado hawajapata mtu, mdomo wangu haukutulia. Nikamwambia huko nina mdogo wangu, ameolewa kwa wakulima wa vitunguu, ana kiwanja kipana kama uwanja wa mpira, na usafi wetu ni wa mama mmoja. Nilitaka tu ajue kwamba ukoo wetu umeenea. Akaandika namba ya simu. Wiki mbili baadaye mdogo wangu akanipigia anacheka. "Dada, na mimi nimeletewa cha kwangu."

Lazima nieleze habari za huyu mdogo wangu. Aliponikuta duniani nilikuwa mgongoni mwa mama yetu, nikashushwa akapandishwa yeye, na tangu siku hiyo hajashuka. Yeye alifika darasa la nne. Yeye aliolewa kwenye nyumba ya bati wakati mimi nafukuza panya kwenye nyasi. Meno yake yote yapo mpaka leo. Akicheka, watu wanacheka kabla ya kujua kinachochekesha, na mimi nikisema jambo la maana wananiuliza nimekasirikia nini. Nampenda. Akiumwa siwezi kukaa. Akipona namwona tena vile vile.

Sasa ikawa mashindano, na si yetu wawili tu. Ilikuwa Mbeya na Iringa, Rujewa na Ruaha Mbuyuni, na sisi mabibi wawili ndio tulioshika macho ya kila mkoa. Mwenyekiti alikuwa akipita kwangu kuangalia nguzo kama mtu anayeangalia ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Wa Usangu wanajua vumbi letu. Asubuhi hewa ni safi, unaona hadi safu za milima. Ikifika saa saba upepo unaamka, halafu mifugo inatimua njia, na hadi jioni nyumba nzima inatafuna mchanga. Siku ya kwanza nilifuta kioo asubuhi, mchana nikakikuta chekundu. Nikaona aibu, chombo cha watu. Siku ya pili nikakifanyia kama ninavyovifanyia vitu vyangu vya thamani. Nilichukua kitambaa changu kizuri kuliko vyote, kile cha ua la petali nane, nikakitia bitana ili vumbi lisipenye, nikakifunika kioo kuanzia saa saba mpaka kulipokucha. Asubuhi nafunua, nafuta, kinang'aa. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufua, kwa hiyo Jumamosi kitambaa kilikuwa kwenye kamba na chombo kilivumilia.

Bwana wa vipimo alikuwa anakuja mara moja moja, daima asubuhi, ili awahi kurudi. Alikuta kioo kinameremeta. Akanisifu kwamba hajaona mtunzaji kama mimi. Nami sikumwonyesha kitambaa, kwa sababu mtu mzima hajisifii kila kitu.

Mdogo wangu alikuja kunitembelea kiangazi kile, na nyavu mbili za vitunguu kichwani mwa mpagazi. Tulisalimiana kamwene zetu, tukala wali wa mpunga mpya, na saa saba ilipofika akaniona natoka na kitambaa. Akanifuata. Alisimama mbele ya ile nguzo iliyovishwa kama bibi harusi, na kwa mara ya kwanza nikamwona mdogo wangu ananionea wivu. Raha niliyoipata pale siwezi kuieleza.

Akaniomba nimpe kimoja cha kufunika chombo chake. Nikasema uzi umekwisha. Akaniomba basi nimfundishe lile ua, ataununua uzi mwenyewe Iringa. Nikasema macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Wakati huo nilikuwa nimeshika kroshia mkononi, nafuma. Aliniangalia kidogo, akacheka, akaniambia, "Dada, macho yako hayanioni mimi tu." Kesho yake akapanda basi akarudi kwao bila kitambaa. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi natembea mwepesi kama msichana.

Karibu na mwisho wa mwaka, bwana wa vipimo alikaa kwenye kiti changu muda mrefu kuliko kawaida. Alikunywa chai yote ndipo akauliza, "Mama, hivi huku kwenu mchana mchana, kuanzia saa saba saa nane, huwa kuna mawingu?"

Maisha yangu yote aliyeniuliza habari za mawingu alikuwa bwana shamba. Na bwana shamba humwambii kwamba huna mawingu, maana atakuandika kwamba kwenu ni jangwa na mbegu zitapelekwa kwingine. Penye mawingu pana mpunga, na penye mpunga pana watu wa kuheshimika. Tena hivi ndivyo tulivyozoea kumjibu mgeni, humpi upungufu wa kwenu. Basi nikamjibu bila kusita. "Yapo, baba. Mungu hatunyimi."

"Kila siku?"

"Hatukosi."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika. Nikadhani ameguswa na baraka zetu.

Mjukuu alikuwa Iringa miezi ile, anajishikiza kwenye karakana ya watu. Akaja likizo. Alifika saa nane mchana, vumbi limesimama, akapita uani bila kunisalimia na kwenda moja kwa moja kwenye nguzo. Nilitoka nikijifuta mikono, nimejaa furaha, nikitegemea sifa.

"Bibi," akasema, "hiki kitambaa kimekaa hapa tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Unaona ua lilivyotulia?"

Hakucheka. Alikinyanyua kwa ncha mbili za vidole, akaona bitana, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya safari. Akanieleza. Alinieleza kama mimi nilivyokuwa nikimweleza yeye kuhusu moto alipokuwa mdogo, polepole, na kurudia. Kwamba kile kioo hakikumbuki jua la asubuhi hadi jioni, kinahesabu kila dakika. Kwamba kila siku, saa saba, mimi nilikuwa nazima jua la Usangu.

Nikamwambia tukitoe kitambaa, tunyamaze, nani atajua.

"Tukinyamaza sisi, mashine imeshasema, Bibi. Imesema mwaka mzima."

Nilipomweleza nilivyomjibu bwana wa vipimo kuhusu mawingu, akaziba uso kwa viganja. Mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sijamuuliza.

Mkutano wa majibu ulifanyika ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mashuka ili picha zionekane ukutani. Bwana wa vipimo akaonyesha mistari miwili ya jua. Wa Ruaha Mbuyuni ulipanda asubuhi, ukajaa katikati, ukashuka jioni, mviringo mzuri kama chungu kilichofudikizwa. Wa Rujewa ulipanda vizuri kuliko hata ule, halafu saa saba ukakatika. Chungu kilichopasuka nusu. Akasema kwa masikitiko kwamba Usangu asubuhi ina jua zuri sana, ila mchana mawingu yanalimaliza. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akauliza mawingu gani, mbona mifugo yake imekauka migongo. Mwenyekiti akamwambia asibishane na kompyuta.

Nilikuwa na kitambaa kwenye kikapu. Mjukuu alikaa pembeni yangu, hakunigusa wala kunisukuma. Nilitazama chungu kizima cha mdogo wangu pale ukutani, kikubwa, kinang'aa, na watu wa kwetu wanakitazama kwa adabu. Hicho ndicho kilichoniinua. Baadaye walinisifu kwamba mimi ni mkweli. Haukuwa ukweli, ulikuwa wivu. Nilikuwa tayari kuvuliwa nguo mbele ya wilaya nzima kuliko kuacha jua la mdogo wangu liitwe bora kuliko langu.

"Hayo si mawingu," nikasema. "Ni hiki."

Nikakikunjua, nikakiinua juu kwa mikono miwili, nikapita mbele ya ile taa inayotoa picha. Ukuta wote ukawa ua la petali nane.

Mwenye mashine ya kukoboa, yule aliyekuwa anamtuma mjukuu wangu akamwite fundi, ndiye aliyesema wa kwanza. "Kumbe Bibi ametufumia mawingu." Ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka hadi wengine wakatoka nje. Nilibaki nimesimama na kitambaa changu, uso unawaka kama jiko.

Bwana wa vipimo peke yake hakucheka. Alikichukua kitambaa mikononi mwangu, akaniuliza kama nilikuwa nafunika kioo kila siku. Nikamwambia isipokuwa Jumamosi, siku ya kufua. Akafunga macho. Akasema pale ofisini kwao waligombana miezi na miezi kwa nini mawingu ya Usangu yanapumzika Jumamosi. Akatafuta kwenye mashine yake, akaweka mstari wa Jumamosi peke yake ukutani. Ulikuwa chungu kizima. Ulikuwa mkubwa kuliko wa mdogo wangu kwa upana wa kidole, niliupima pale pale kwa kidole changu, na watu wote waliona.

Lakini Jumamosi hazitoshi. Alituambia waziwazi kwamba wenye mradi wanataka mwaka mzima uliotimia, kupima upya ni mwaka mwingine, na hao watu hawatangoja wakati chungu kingine kiko tayari. Akasema anasikitika. Akanirudishia kitambaa, amekikunja vizuri, mara nne.

Kituo kikaenda Ruaha Mbuyuni.

Rujewa hawakunichukia. Waliniita Mama Mawingu, na wananiita hivyo mpaka leo nikienda sokoni. Hilo nalivumilia. Lililonichoma ni karatasi ya maombi ya kazi. Huko walikuwa wanachukua kwanza mafundi wenye makazi au ndugu wa karibu wa pale. Mjukuu alijaza karatasi mezani kwangu, juu ya kitambaa changu, na kwa kuwa kusoma nasoma, nilisoma. Palipoandikwa ndugu, aliandika jina la mdogo wangu, na mbele yake akaandika: bibi.

"Na mimi ni nani?" nikamuuliza.

"Bibi, kwa desturi zetu si wote ni bibi zangu? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kweli nilimfundisha. Nilimfungia nguo zake, nikamwekea mchele wa kula yeye, si wa kugawa, na akaondoka.

Miezi ilipita ndipo nikakubali kwenda kuona. Kutoka kwetu unapita baridi ya Mafinga, unaiona Iringa juu ya kilima chake, halafu basi linashuka Kitonga kona kwa kona, na mlango ukifunguliwa chini, joto linakupiga usoni kama mvuke wa sufuria. Mdogo wangu alinisubiri barabarani kati ya meza za vitunguu, meno yote nje. Alinipeleka moja kwa moja kukiona kituo. Sola zimepangwa safu kwa safu, nyeusi, zimeinamia upande mmoja kama waumini, zinafika hadi miguuni mwa vilima. Nilizitazama zote. Zote ziko uchi.

Jioni tulikaa uani kwake. Lango likagongwa, akaingia mtoto mrefu, kofia ya njano, mabuti, mkanda wa koleo kiunoni.

"Bibi!"

Tukaitika wawili.

Alinikumbatia mimi kwanza, hilo niliandike. Lakini maji ya kuoga alikuwa amewekewa tayari, na alijua yalipo bila kuuliza. Sahani yake ilikuwa na mahali pake. Mdogo wangu alijua kwamba siku hizi hali maharage usiku, mimi sikujua. Nilikaa kwenye kile kiti kisicho na kitambaa nikahisi nimeshushwa tena mgongoni.

Mdogo wangu anajua kuniona. Alisogeza kigoda karibu na kusema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Dada, ungenipa kile kitambaa nilipokuomba, leo tungekuwa wote tuna mawingu."

Hilo nilikuwa nalijua. Nimelijua tangu ukumbini. Sikupenda tu lisemwe na mtu mwenye meno yote.

Kesho yake akatoa uzi alioununua Iringa, mweupe, mzuri, kutoka duka lile lile langu, na kroshia mpya. Akaniomba tena nimfundishe, amfumie mtoto kitambaa cha mezani chumbani kwake. Safari hii nilimfundisha. Siku nne tulikaa kivulini, nikamwelekeza mnyororo, mistari ya pembeni, pindo la mawimbi. Ana mkono mwepesi, siwezi kusema uongo. Kitambaa kikakua kizuri, cheupe, na katikati kikabaki na tundu la ukubwa wa sahani ya chai.

Mjukuu alirudi kutoka kazini, akakishika, akachungulia kupitia lile tundu. "Bibi, na ua?"

Sikuwa na haraka. Nilizungusha uzi wangu kidoleni, nikakunja kroshia yangu ndani ya leso.

"Ua halifundishwi ugenini," nikamwambia. "Siku utakayokuja kukaa nyumbani Rujewa, hata iwe mwezi mmoja wa likizo, nitakufundisha wewe. Wewe peke yako."

Alimtazama bibi yake mmoja, akamtazama mwingine. Halafu akauliza mabasi ya kwenda Rujewa siku hizi yanapita saa ngapi, na mdogo wangu akaweka kitambaa chini.